Maswali ya Wasomaji: Karatasi za Jack Kirby

SWALI: Ndugu Mhariri, nachora hadithi ya shujaa, kurasa 16 za A4, kwa kalamu ya 0.1. Nikitoa kopi za A5, mistari ya nywele inakatika na vivuli vinageuka doa jeusi. Nasikia Jack Kirby, mchoraji wa vitabu vya katuni wa Marekani, alichorea karatasi kubwa. Kubwa kiasi gani? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Kwa miaka mingi Kirby alichora picha za ukurasa mmoja kwenye eneo la inchi 12.5 kwa 18.5 hivi, yaani takriban sm 32 kwa 47. Kitabu kilipochapwa zilipungua hadi karibu nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kipimo kikashushwa hadi inchi 10 kwa 15, sawa na sm 25 kwa 38.

Chukua A3 ngumu, acha pambizo la sm 2 kila upande. Unabakiwa na sm 25.7 kwa 38, karibu sawasawa na kipimo hicho cha pili. Kirby alipenda visanduku sita, viwili kwa safu tatu. Ukiacha nafasi ya mm 7 kati yao, kila kimoja kitakuwa na upana wa sm 12.5 na urefu wa sm 12.2.

Tatizo lako ni hesabu tu. Kutoka A4 kwenda A5 mashine hupunguza hadi asilimia 71, hivyo mstari wa mm 0.1 unabaki 0.07, na fotokopi ya mtaani haiushiki. Kutoka A3 kwenda A5 ni asilimia 50. Basi mstari wako mwembamba kuliko yote uwe 0.5, na wa kuzunguka mwili uwe 0.8 au wa brashi. Mistari ya kivuli iachane kwa mm 1.5, ikibanana zaidi, wino wa mashine unaziba nafasi nyeupe, ndiyo hilo doa unalolilalamikia. Herufi ziwe na kimo cha mm 6 ili zibaki mm 3.

Penseli iwe HB. Ya 2B huacha unga mwingi, na wino haushiki vizuri juu yake. Andika maneno kabla ya kutia wino picha, kama walivyofanya Marvel, kampuni iliyochapisha vitabu vya Kirby: Kirby alimaliza penseli, mwandishi wa herufi akajaza viputo vya maneno, ndipo ukurasa ukaenda kwa mtia wino, asipoteze muda kuchora sehemu itakayofunikwa na maneno. Usifute penseli mapema. Arusha wakati wa baridi ya Juni na Julai wino hukawia. Subiri mng'ao uishe kabisa, kisha ongeza nusu saa.

Tazama pia Kirby alivyochora nguvu za angani: vidoa vyeusi vya duara, vikubwa kwa vidogo, vimepandana, na weupe uliobaki katikati ndio unaoonekana kuwaka. Hakuna mstari mwembamba hata mmoja pale, kwa hiyo mbinu hiyo hustahimili karatasi duni na mashine mbovu. Tunaipendekeza kuliko vivuli vya mistari.

SWALI: Shujaa Black Panther wa Marvel ni wa mwandishi Stan Lee au wa Kirby? – Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Ni wa wote wawili. Alitokea mara ya kwanza katika kitabu cha Fantastic Four namba 52, Julai 1966. Mchoro wa awali wa Kirby ulimwita Coal Tiger, na vazi lake lilikuwa na rangi ya njano. Mwaka 1977 Kirby alianza kumwandika na kumchora mwenyewe, matoleo 12.

Usiwasahau watia wino. Joe Sinnott aliiheshimu penseli ya Kirby na kuing'arisha. Vince Colletta, katika kitabu cha Thor, alijulikana kwa kufuta watu wa nyuma au kuwafanya vivuli vyeusi ili awahi. Ukilinganisha kurasa zao utadhani ni wachoraji wawili tofauti.

SWALI: Mteja amenilipa nichore kitabu cha kampeni ya usafi. Sasa anataka na karatasi halisi. Nimpe? – Msomaji, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Si lazima, mradi hamkukubaliana hivyo. Karatasi ni kitu kimoja na haki ya kuchapa ni kitu kingine. Viandikwe mistari miwili tofauti kwenye mkataba, kila kimoja na bei yake. Ongeza idadi ya nakala, na nani atalipwa kitabu kikirudiwa. Skani kila ukurasa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) kabla haujatoka mkononi mwako. Kazi yenyewe unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kirby alilipwa kwa ukurasa, na karatasi zikabaki kwa mchapishaji. Alipozidai miaka ya 1980, Marvel walimtaka kwanza atie saini hati ya kurasa nne, ilhali wachoraji wengine walipewa hati fupi ya ukurasa mmoja. Mvutano ulichukua miaka. Mwaka 1987 alirudishiwa kurasa 1,900 hivi, sehemu ndogo tu ya alizochora pale. Alifariki mwaka 1994, na shauri la warithi wake kuhusu haki za mashujaa aliowachorea Marvel lilimalizwa kwa makubaliano Septemba 2014.

Kwa hiyo mpe mteja faili la skani na kitabu kilichopangwa tayari kuchapwa. Karatasi zitunze kwenye bahasha ngumu, zikiwa zimelala, mbali na ukuta unaotoa unyevu.