Nyonga imenifunga nyumbani: je, daftari langu ni huduma?

SWALI: Mhariri, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mama wa miaka 61, mshiriki wa Kanisa la Marafiki (Quakers) karibu na Chavakali. Kwa miaka mingi nimekuwa katika kikundi cha akina mama kinachotembelea wagonjwa, kupika penye matanga na kuchangia karo ya mayatima. Mwaka jana niliteleza nikitoka kisimani, nikavunjika nyonga, na hadi leo natembea kwa mkongojo mpaka uani tu. Nimeanza kuandika sala na tafakari fupi katika daftari, nyingi zikitokana na watu niliowahudumia. Wenzangu wawili wanasema najipumbaza, kwa kuwa mtumishi wa Mungu huonekana kwa kazi ya mikono yake. Mwanangu naye anataka kuzichapisha ziwe kitabu. Je, hii ni huduma au ni kujiliwaza? Na nimruhusu?
Mama wa Chavakali, Vihiga

JIBU: Mama, pole sana kwa nyonga hiyo, na kabla ya mengine nakuomba urudi kwa daktari, umuulize juu ya mazoezi ya viungo, maana kuishia uani baada ya muda wote huo si jambo la kunyamaziwa kwa sababu tu umelipokea kwa uvumilivu.

Swali lako limenikumbusha mmisionari Amy Carmichael, aliyezaliwa Millisle, Ireland, mwaka 1867, na kuanza utumishi wake Belfast kati ya wasichana maskini waliofanya kazi viwandani. Alifika India mwaka 1895 na hakurudi kwao tena hadi alipofariki mwaka 1951. Huko kusini, katika kijiji cha Dohnavur, alipokea watoto, wengi wao wasichana waliokuwa wametolewa au walikuwa karibu kutolewa kwa mahekalu, akawalea, akawasomesha, na baadaye hospitali ikajengwa hapo. Walimwita Amma, yaani mama. Jioni moja ya Oktoba 1931, akikagua nyumba iliyokusudiwa kuwa zahanati, alitumbukia katika shimo lililochimbwa mahali pasipostahili, akavunjika mguu na kuumia mgongo. Tangu siku hiyo, kwa karibu miaka 20, maisha yake yalikuwa ya chumbani zaidi, naye humo aliomba, akaandika vitabu vingi vya ibada, na kuwapelekea watu wa nyumba yake barua fupi fupi, kila mmoja kwa shida yake.

Sikubaliani na wahubiri wanaosema kwamba Mungu alimwangusha ili aandike. Alikuwa ameandika vitabu kadhaa kabla ya kuanguka, huku akiogesha watoto na kukesha na wagonjwa, na nadhani ndiyo sababu maneno yake ya kitandani hayakuwa maneno matupu. Kwa hiyo wenzako wamesema nusu ya ukweli. Mikono hutangulia, lakini yako imekwisha kutangulia kwa miaka mingi, na sala unayoiandika kwa ajili ya mjane uliyempikia inatoka katika sufuria ile ile.

Tena wewe ni Mrafiki. Wamisionari wa kanisa lenu walifika Kaimosi mwaka 1902 wakiwa na desturi ya zamani ya Marafiki ya kuweka kumbukumbu za safari ya roho kwa maandishi, hivyo daftari lako si jambo geni katika ukoo huo. Hata Amy, ambaye hakuwa Mrafiki, aliishi kwa muda Uingereza katika nyumba ya mzee mmoja wa Marafiki, Robert Wilson, aliyempenda kama binti yake, naye Amy akalichukua jina la Wilson na kulitia katikati ya lake.

Kuhusu kitabu, hapo mwanao na apunguze mwendo. Mtu anayekuingiza chumbani kwake akiwa mgonjwa hukuonyesha mengi ambayo hakukupa ruhusa ya kuyapeleka nje, na kubadilisha jina hakutoshi: ukiandika juu ya mjane mwenye mapacha anayeuza ndizi karibu na stendi, nusu ya Chavakali imeshamjua. Aliye hai muulize, umsomee ukurasa wenyewe, na akisita uufute bila kumbembeleza. Aliyefariki, waulize watu wake. Panapobaki shaka, ondoa kisa chote na uache sala peke yake. Mara nyingi utaona sala haikupungukiwa na kitu. (Nimesoma miswada mingi ya ibada iliyoharibiwa na visa vya jirani kuliko iliyoharibiwa na sarufi.)

Wakati hayo yanaendelea, usingoje mpiga chapa. Nakili tafakari moja kwa herufi kubwa, isizidi ukurasa mmoja, na kama anayekusudiwa ni bibi mzee, iandike kwa Kimaragoli anachoombea, ili asomewe pale alipolala. Kikundi chenu kitakapotoka tena kutembelea wagonjwa, ukurasa huo uende nacho, na uwaombe wale wenzako wawili ndio wausome.