Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Wazee Wanampenda Mzee Rukhsa?

SWALI: Shikamoo, mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina miaka 22. Babu yangu ametundika picha mbili sebuleni, ya Mwalimu Nyerere na ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Nikimuuliza sababu ya hiyo ya pili hunijibu kwa neno moja, "rukhsa", kisha hutabasamu. Je, kiongozi anaweza kupendwa miaka yote hii kwa sababu tu aliruhusu nguo na sabuni kuingia nchini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usilidharau neno la babu yako, kwani sabuni ni jambo kubwa kwa mtu aliyewahi kuikosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na ukame, na huku mashirika ya umma yakizidi kuelemewa, maduka yetu yalibaki na rafu tupu. Mama yangu alikuwa akiniamsha kabla ya adhana ya alfajiri niende duka la kaya kuweka jiwe kwenye foleni, na kila familia ilikuwa na jiwe lake au kikapu chake, nasi watoto tuliyajua mawe hayo kama tunavyojuana kwa sura. Kulipokucha tuliambiwa sukari haikuja. Nguo tulifulia majani ya mpapai, ambayo hutoa povu kidogo na kuacha harufu ya ubichi, na miguuni tulivaa katambuga zilizochongwa kutokana na matairi. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, palikuwa na watu waliotupa bidhaa zao porini usiku ili wasikutwe nazo.

Kwa haki ya historia niseme kwamba mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado madarakani, pale watu walipokubaliwa kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Hata hivyo, Mzee Mwinyi, aliyeapishwa kuwa rais tarehe 5 Novemba 1985, ndiye aliyeufungua mlango huo wote, akakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, jambo ambalo mtangulizi wake alikuwa amelikataa kwa miaka kadhaa, na mitumba ikajaa masokoni. Shati langu la kwanza la mtumba lilikuwa la bluu, kola yake imechakaa upande mmoja, na nililivaa Idi mbili mfululizo.

Lakini ukiniuliza mimi, sababu ya kumheshimu nitaianza mbali zaidi. Mwezi Januari 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Mwinyi alijiuzulu baada ya watuhumiwa kuteswa, na baadhi yao kufa, mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye hakuwa ameshika rungu, wala hakuna aliyesema kwamba alitoa amri, lakini wizara ilikuwa yake, naye aliona kwamba aliyebeba dhamana ya wizara hubeba pia aibu yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Wengi wakikaa hivyo pembeni husahaulika. Yeye aliitwa kuiongoza Zanzibar mwaka 1984, baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu urais wa visiwa hivyo, na mwaka uliofuata akaiongoza Jamhuri ya Muungano. Ninaamini kwa dhati kwamba kule kujiuzulu ndiko kulikomjengea imani iliyomrudisha.

Na aliyejua kuondoka mwaka 1977 alijua kuondoka mwaka 1995. Ukomo wa vipindi viwili ulikuwa umeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na yeye alikuwa rais wa kwanza wa Muungano ambaye ukomo huo ulimkuta kazini. Tarehe 23 Novemba 1995 alimkabidhi Benjamin Mkapa nchi, akaenda nyumbani. Hata suala la vyama vingi nalitazama kwa jicho hilo hilo: Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni, takriban asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Kiongozi mwenye uchu angekuwa na kisingizio mkononi. Tume ilipendekeza mfumo ubadilike, Mwalimu mwenyewe akauunga mkono, na Mzee Mwinyi akausimamia hadi sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Kwa hiyo babu yako akisema "rukhsa", mwulize pia kuhusu 1977. Huenda akakusimulia mengi kuliko mimi.

SWALI: Ndugu mwandishi, sisi tuliofanya kazi serikalini wakati ule hatuwezi kusahau kwamba rukhsa hiyo iliwanufaisha wachache. Azimio la Arusha lilizikwa, kodi zilisamehewa ovyo, na rushwa ikaota mizizi. Kwa nini mnamsifu tu?
Mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na sitakubishia mambo ambayo uliyaona kwa macho yako. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliondoa masharti ya uongozi yaliyokuwa nguzo ya Azimio la Arusha, hata kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha na zaidi ya mshahara mmoja. Mwaka 1994 wahisani walisimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi na kodi zisizokusanywa. Shilingi, iliyokuwa takriban 17 kwa dola moja alipoingia Ikulu, ilipita 500 alipotoka. Uchangiaji wa gharama hospitalini ulioanza mwaka 1993 uliwaumiza watu ambao hawakuwa na chochote cha kuuza katika soko hilo huria. Mwalimu alisema hayo hadharani, kwa maneno makali.

Sioni kwamba heshima inatutaka tuyafiche. Ila naomba utazame namna Mzee alivyoyapokea. Alikemewa na mtangulizi wake mbele ya taifa zima, naye hakufungua mdomo kumjibu kwa matusi; alipofananishwa na Mwalimu, alijiita kichuguu mbele ya Mlima Kilimanjaro. Mwezi Machi 2009, Mzee akiwa na umri wa miaka 83, kijana mmoja alipanda jukwaani kwenye Maulidi jijini Dar es Salaam akampiga kofi mbele ya umati, na baada ya kijana huyo kuondolewa, Mzee aliendelea na hotuba yake. Mimi sina subira ya kiasi hicho, na nilimtazama kwa macho mengine tangu siku ile. Lawama za utawala wake nazipokea, mzee wangu, na picha yake sitaishusha ukutani.

SWALI: Mzee Mwinyi alizaliwa Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Kwa nini alizikwa Zanzibar?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Ni kweli alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, lakini alipelekwa Unguja angali mdogo kwa ajili ya masomo, akasoma skuli ya Mangapwani na kisha Dole. Alipohitimu ualimu alirudi Mangapwani kufundisha, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa skuli hiyo, miaka mingi kabla ya siasa kumwita. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, na tarehe 2 Machi akazikwa Mangapwani, katika kijiji alichokuwa akiitwa mwalimu kabla ya kuitwa rais.