Kabla hujasema protini inatabiri uhai wa mgonjwa wa saratani ya mapafu

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia mchoro wa Kaplan-Meier (unaoonyesha wangapi bado wako hai kadiri muda unavyopita), habari za fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili, wakawaachia watu wa chumba cha upasuaji. Matokeo mengi huharibikia huko huko. Kipande cha uvimbe kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja tangu kikatwe, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikiwahi kutolewa, katikati hubaki kibichi. Kikikawia, protini hufungamana hadi kingamwili inayotumika kuitafuta ikose pa kushika. Saa hizo ziandikwe kwa kila mgonjwa.

Kata kipande hicho kuwa tabaka nyembamba za mikroni 4, kisha uzipake rangi mapema. Slaidi iliyokaa miezi kabatini hufifia, hasa ya PD-L1 (protini inayoisaidia saratani kuikwepa kinga ya mwili), na mwenye protini tele ataonekana hana.

Kwenye darubini, mapafu yana hila zake. Makrofaji, seli za kinga zinazosafisha mapafu, humeza masizi, na masizi hayo huonekana kahawia au meusi. Rangi ya DAB, inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika, nayo ni kahawia. Weka pembeni slaidi ya kipande kile kile isiyotiwa kingamwili: ukahawia ukiwapo na huko, hiyo si protini. Isitoshe, makrofaji zenyewe hubeba PD-L1, na mwenye haraka huzihesabu kama seli za saratani. Zinazohesabiwa ni seli hai za saratani, zisipungue 100, na kinachotazamwa ni utando wa seli, hata rangi ikiwa hafifu au haijauzunguka wote. Ki-67, protini ya seli zinazogawanyika, ni kwenye kiini tu. Wasome watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kujua nani alifariki.

Halafu kizingiti, yaani asilimia ya seli zenye rangi inayowagawa wagonjwa kuwa wenye protini nyingi na wenye kidogo. Kujaribu asilimia 5, 10, 14, 20 mpaka p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu) ishuke chini ya 0.05 ni kujidanganya: ukijaribu kila kizingiti kinachowezekana, uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwapo unaweza kupanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 40. Kipange kabla ya kufungua faili la vifo. Afadhali zaidi, tumia asilimia yenyewe ya kila mgonjwa bila kuwagawa wagonjwa.

Modeli ya Cox, hesabu inayopima mchango wa vigezo kadhaa kwa pamoja katika hatari ya kufa, hushiba vifo, si idadi ya wagonjwa. Wagonjwa 120 wenye vifo 40 wanabeba vigezo vinne hivi, na hatua ya ugonjwa, umri na uvutaji sigara vimeshachukua vitatu. Protini isiyoongeza kitu juu ya hatua ya ugonjwa haimfai daktari, p iwe ndogo namna gani.

Na ukitaka kusema inaonyesha nani atanufaika na dawa fulani, lazima uwe na kundi lililopewa dawa hiyo na lisilopewa. Kama wote walitibiwa sawa, swali hilo data yako haiwezi kulijibu.