Kabla Hujapiga Upya: Majibu kwa Mgeni wa Linux

Tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wanaonitafuta kuhusu Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, si wale niliowazoea. Zamani walikuwa vijana wa kompyuta wanaopenda kuchokonoa. Siku hizi ni mwalimu wa sekondari, karani wa ofisi ndogo, mama mwenye steshenari karibu na stendi. Wengi wana laptopu za mtumba ambazo bado zina nguvu, ThinkPad na EliteBook za miaka ya 2013 hadi 2016, ila Windows 11 inazikataa kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Wanaweka Linux, wanafurahia wepesi wake, halafu ujumbe wa kwanza wa hitilafu unatokea na swali linakuja: "Kaka, nipige upya?"

Usipige upya, yaani usifute kila kitu na kusakinisha mfumo tena. Hiyo ni dawa tuliyorithi kwa mafundi wa Windows: kompyuta ikikohoa tu inapigwa upya, picha na mafaili ya mteja yanapotea, na wiki mbili baadaye inakohoa tena. Linux ikikwama husema imekwama wapi, na si ajabu ukakuta amri ya kuirekebisha imeandikwa hapo hapo. Sisi ndio tumezoea kubofya OK bila kusoma.

"Nianze na ipi?"

Linux huja kwa matoleo mengi; anza na Linux Mint. Kama RAM ni GB 4, chukua Mint yenye muonekano mwepesi wa Xfce. Ikiwa GB 8 au zaidi, Cinnamon. Ubuntu nayo ni nzuri, na Mint yenyewe imejengwa juu yake, lakini faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6 wakati Mint 22 ni karibu GB 3, na bando unalinunua wewe.

Kijana akiniambia anataka kuanza na Kali, toleo jingine la Linux, kwa sababu ameona "mahaka" wakiitumia mtandaoni, namwambia aende kwanza akasome ukurasa wa Kali wenyewe. Waliotengeneza wanasema waziwazi kwamba haimfai mtu anayejifunza Linux. Ni sanduku la zana la wakaguzi wa usalama. Humo utahangaika na sauti, printa na Wi-Fi bila kudukua chochote.

Ukishapakua faili, lihakiki. Ukiwa bado kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili, kisha `SHA256`, halafu linganisha herufi zinazotoka na zile zilizo kwenye tovuti ulikopakulia. Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kuonekana zima kumbe limevunjika, na usakinishaji ukakwama njiani ukadhani laptopu ni mbovu. Halafu usiliburute tu faili hilo, linaloitwa ISO, kwenye flashi kama wimbo, haitawaka. Tumia Rufus au balenaEtcher, programu za kuandaa flashi ya kuwashia. Wakati wa kuwasha, bonyeza F12 kwenye Lenovo na Dell, au F9 kwenye HP, uchague flashi.

Hapo Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Watu huipita hatua hii mbio wakati ndiyo yenye faida kuliko zote. Kaa nayo. Washa Wi-Fi, cheza muziki, punguza mwanga wa skrini, fungua kamera, funga kifuniko cha laptopu ilale kisha uone kama inaamka. Kinachogoma hapa kitagoma na baadaye, na ni afadhali ujue Windows yako ikiwa bado ipo.

"Wi-Fi haionekani"

Hili ndilo swali linaloongoza, na majibu yake ni zaidi ya moja. Usibahatishe. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, uandike:

`rfkill list`

Ukiona "Hard blocked: yes", kuna swichi au kitufe kilichozima Wi-Fi. ThinkPad za zamani kama T420 zina swichi ndogo ya kusukuma pembeni, na huguswa laptopu inapotolewa kwenye begi. Mtu anaweza kuzunguka na tatizo hilo wiki nzima. Ukiona "Soft blocked: yes", andika `sudo rfkill unblock all` na mambo yameisha (`sudo` huipa amri ruhusa ya msimamizi).

Kama hakuna kilichozuiwa, uliza mashine ina kadi gani:

`lspci -nnk | grep -iA3 network`

Soma mstari mmoja mmoja. Wa kwanza unataja mtengenezaji. Ikiwa ni Intel au Atheros, kwa kawaida draiva, programu inayoiendesha kadi, tayari imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Ikiwa ni Broadcom, kwa mfano BCM43142 inayopatikana kwenye laptopu nyingi za bei nafuu za HP na Dell, tazama kama chini yake kuna maneno "Kernel driver in use". Yasipokuwepo, kadi ipo ila haina draiva, na draiva yenyewe haiji na mfumo kwa sababu ya masharti ya leseni.

Sasa unahitaji intaneti ili upate draiva ya intaneti. Hapo wengi hukata tamaa, kumbe simu iko mfukoni. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa kushiriki kwa USB. Linux itaiona kama mtandao wa waya mara moja, bila kusakinisha kitu. Kama simu imeunganishwa na Wi-Fi ya jirani, itapitisha hiyo hiyo na bando lako litabaki salama. Kisha fungua Driver Manager kwenye Mint, au Additional Drivers kwenye Ubuntu, chagua ya Broadcom, subiri, washa upya.

Wenye modemu za USB wasiogope modemu ikionekana kwanza kama CD. Imeundwa hivyo ili kubeba programu yake ya Windows. Ipe kama nusu dakika igeuke, kisha kwenye alama ya mtandao ongeza muunganisho wa simu, chagua nchi na kampuni yako, na APN, jina la lango la intaneti la kampuni hiyo, itajazwa.

"Mbona nywila haiandikiki?"

Inaandikika. Kwenye Linux nyingi terminali haionyeshi nyota wala nukta unapoandika nywila baada ya `sudo`. Andika mpaka mwisho ubonyeze Enter. Kibodi yako haijaharibika.

"Inakataa kusakinisha chochote"

Hapa ndipo kusoma kunapolipa. Ujumbe wa kwanza maarufu huwa hivi:

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2314 (unattended-upgr)`

Maana yake ni kwamba kuna kazi nyingine ya kusakinisha inaendelea, na jina lake limo kwenye mabano: masasisho yanayojiendesha yenyewe. Mara nyingi umewasha kompyuta sasa hivi, nayo inajisasisha kimyakimya. Subiri. Kwa mtandao wetu inaweza kuwa nusu saa. Mtandaoni utakuta watu wanakushauri ufute faili hilo la kufuli kwa `rm`. Usithubutu, maana kazi mbili zikiandika kwenye hifadhidata moja ya vifurushi kwa wakati mmoja, ndipo utakapokuwa na sababu ya kweli ya kulia.

Wa pili huja baada ya umeme kukatika, hasa kwenye laptopu ambayo betri yake imeshakufa:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Dawa imeandikwa ndani ya ujumbe, kati ya alama za nukuu. Inakili bila alama hizo, ibandike, Enter. Ikimaliza, ongeza `sudo apt --fix-broken install` kwa kuokota vilivyobaki nusunusu. Nimeletewa laptopu yenye ujumbe huu, na mwenyewe alikuwa ameshakubaliana bei ya kupigiwa Windows.

Diski ikijaa, `df -h` itakuonyesha ni sehemu gani. Ikiwa ni `/boot`, ni kerneli za zamani zimerundikana. Amri ya `sudo apt autoremove` inaziondoa. Na kwa anayebana bando: programu ikipatikana kwa njia mbili, ya kawaida na ya Flatpak, tazama ukubwa kabla hujabofya. Flatpak ya kwanza unayoiweka hushuka na mzigo wake wa mamia ya MB.

"Nina Windows na Linux pamoja, na saa imeharibika"

Saa haijaharibika. Linux huhifadhi kwenye ubao wa kompyuta saa ya dunia, UTC, na Windows huhifadhi saa ya mahali ulipo. Ukitoka Linux kuingia Windows huku Dar, Nairobi au Kampala, Windows inarudi nyuma saa tatu kamili: ni saa nne asubuhi, yenyewe inadai saa moja. Ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi wataona pengo la saa mbili. Ukiwa Linux andika `timedatectl set-local-rtc 1` na ugomvi utaisha. Linux itakuonya kwamba haipendi mpangilio huo, lakini kwa nchi zetu zisizobadilisha saa kwa msimu sijaona madhara yake.

Shida nyingine ya nyumba hii yenye wapangaji wawili ni diski ya Windows kufunguka kwa kusoma tu, au kukataa kabisa. Chanzo ni Fast Startup. Ukibofya kuzima, Windows hailali moja kwa moja. Inasinzia huku imeshikilia diski, na Linux inakataa kuigusa isije ikaharibu mafaili. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uizime Fast Startup, au bonyeza na kushikilia Shift unapobofya kuzima.

Na kabla hujagusa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) au diski yoyote, angalia kama Windows imesimbwa kwa BitLocker. Laptopu nyingi mpya huja nayo imewashwa bila mwenyewe kujua. Andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Ukiukosa siku Windows itakapouomba, hakuna fundi atakayeyatoa mafaili hayo.

"Word yangu je?"

Microsoft Office ya kusakinisha haiji Linux. Utatumia LibreOffice, mtoto wa ile OpenOffice iliyotafsiriwa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 na kuitwa Jambo OpenOffice. Barua, ripoti na majedwali ya kawaida inayamudu. Kinachowatia watu hofu ni mistari kuhama, na kwa kawaida chanzo ni fonti. Hakikisha una Carlito na Caladea, ambazo zina vipimo sawa na Calibri na Cambria. Kwa Times New Roman na Arial sakinisha `ttf-mscorefonts-installer`. Ukienda kuchapisha steshenari, beba PDF.

Mwenye kazi inayotegemea Photoshop au programu ya uhasibu ya Windows tu, ushauri wangu ni abaki na Windows kwenye mashine hiyo. Wine, inayojaribu kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, ipo na hufanya maajabu yake, lakini si kitu cha kutegemea wakati mteja anasubiri mlangoni.

Kwa steshenari, Linux ina faida ambayo hata wasioipenda huikubali. Flashi za wateja zinakuja na kile kirusi cha njia za mkato: folda zote zimefichwa na badala yake kuna vialama vya mshale. Ukiichomeka kwenye Linux, folda zilizofichwa zinaonekana kama kawaida, na kirusi hakiwezi kujiendesha. Futa yale ya `.lnk`, `.vbs` na `autorun.inf`, nakili kazi ya mteja, endelea.

"Skrini nyeusi baada ya kuwasha"

Kama kompyuta ina kadi ya NVIDIA, iwashe upya na kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`, nenda hadi baada ya maneno `quiet splash`, ongeza `nomodeset`, kisha F10. Itawaka kwa muonekano duni, ila itakuingiza hadi kwenye Driver Manager uweke draiva ya NVIDIA. Kama weusi umeanza baada ya masasisho, chagua Advanced options kwenye menyu hiyo hiyo uwashe kerneli ya nyuma yake, haikufutwa. Na kama ulikuwa umewasha Timeshift, inayohifadhi nakala za mfumo, siku ile ulipomaliza kusakinisha, unaweza kuurudisha mfumo mzima ulivyokuwa jana huku nyaraka zako zikiachwa zilivyo.

Ukikwama pote, uliza, lakini uliza kwa namna ya kusaidika. "Linux yangu imegoma" hainiambii kitu. Nakili ujumbe wote, si nusu, ongeza majibu ya `inxi -Fxz` yanayoeleza mashine yako bila kutoa namba zake za utambulisho, na useme ulichokuwa unafanya kabla haijagoma. Kama kosa limetokea kompyuta ilipokuwa inawaka, weka na `journalctl -b -p err`. Mtu atakayekujibu kwa kukupa `chmod -R 777 /` au `rm -rf` yenye mkwaju peke yake mwishoni, mshukuru na usiifuate. Kila amri inayoanza na `sudo`, iulize kwanza kazi yake kwa `man`, mwongozo wa ndani (mfano `man dpkg`), na ukitoka humo bonyeza `q`. Hilo nalo huulizwa sana.