Barua kwa mwanangu anayetaka kupanda Mount Washington

Lamu, Langoni

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Barua yako ilinikuta barazani, nikaisoma mara mbili kabla ya kumpa mama yako. Umesema kwamba wewe na wenzako watatu wa chuo huko Boston mmekusudia kupanda Mount Washington, mlima wa jimbo la New Hampshire, mwishoni mwa mwezi wa pili, kwa kupitia bonde la Tuckerman, na ukaniuliza: ikiwa siku ya safari kutakucha anga safi na upepo mdogo, je, maporomoko ya theluji bado ni jambo la kuhofia? Umeniuliza mimi kwa kuwa nilipima upepo katika kituo cha hali ya hewa kwa miaka ishirini na sita. Naam, bado ni jambo la kuhofia, na hofu hiyo inapaswa kuanza siku tatu kabla hamjafunga mizigo.

Unakumbuka mashua yetu iliyopinduka ulipokuwa darasa la tatu. Sababu yake hatukukueleza vizuri wakati ule. Kusi ilikuwa imevuma siku tatu mfululizo, na vipimo vyake niliviandika daftarini kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya nne kulikucha shwari, makuti hayatikisiki, nikamwambia ami yako tutoke tukavue. Tulipofika mlangoni mwa bahari, baina ya Shela na Ras Kitau, tulikutana na mawimbi ambayo upepo wake ulikwisha kutulia lakini yenyewe hayajatulia. Tuliokolewa na wavuvi, na ami yako alivunjika mkono. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilitazama mbingu ya asubuhi ile nikalisahau daftari.

Theluji huuhifadhi upepo uliopita kwa muda mrefu kuliko bahari. Nimesoma taarifa za mlima ule kila usiku tangu barua yako ifike, na njia nyepesi ya kukueleza ni kukurudisha kwenye vilima vya mchanga vya Shela, ulikokuwa ukiteleza na wenzako. Upande wa joshini, upepo unakotoka, mchanga una mteremko mpole na umeshikana. Upande wa demani, upepo unakoelekea, mchanga uliobebwa na upepo humwagika na kujenga ukuta mkali, na ukiukanyaga, unaporomoka pamoja nawe. Theluji hufanya vivyo hivyo, isipokuwa kwamba upepo huzivunja chembe zake na kuzibana zikawa bamba gumu, na bamba hilo linaweza kukaa juu ya tabaka dhaifu lisiloweza kulishikilia. Mtu akilikanyaga, tabaka la chini huvunjika, na bamba zima hukatika, mara nyingi juu ya kichwa chake. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, na kwa kuwa jicho hudanganya, beba kipimo cha mwinamo. Kumbuka pia kwamba katika ajali nyingi za namna hii, poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mwenzake wa safari.

Sasa tazama ramani ya mlima wenyewe. Upepo wa huko wakati wa baridi hutoka zaidi magharibi na kaskazini-magharibi, nalo bonde la Tuckerman, pamoja na jirani yake Huntington, yako upande wa mashariki, yaani demani. Theluji inayoanguka juu ya uwanda mpana ulio chini ya kilele haikai pale. Hupeperushwa na kumwagwa mabondeni. Kwa hiyo tuseme theluji imeanguka Jumatano, upepo ukavuma Alhamisi na Ijumaa, kisha Jumamosi kukawa shwari kama ulivyoeleza. Jumamosi hiyo nzuri ndiyo ninayoiogopa kuliko siku ya dhoruba, kwa maana siku ya dhoruba mngebaki nyumbani.

Mnapopanga, someni kila siku taarifa ya Mount Washington Avalanche Center, kituo kinachotabiri hatari ya maporomoko mlimani hapo, na mwandike daftarini theluji iliyoanguka, upepo ulikotoka na kasi yake. Hatari hupimwa kwa ngazi tano. Watu huikimbia ya nne na ya tano. Ngazi ya tatu ndiyo huua wengi, kwa sababu jina lake, “Considerable”, yaani hatari kubwa kiasi, halitishi. Ikiwa ngazi ni ya tatu, msiingie Tuckerman hata mkiwaona wengine wanaingia. Ipo njia ya baridi ya Lion Head, ambayo haikingamani na hatari nyingi kama ya bondeni, ingawa nayo si salama kabisa na ina sehemu za mteremko mkali. Mkiona nyufa zikikimbia mbele ya miguu yenu, au mkisikia chini mlio mzito kama wa gunia linalotuliwa sakafuni, rudini kwa njia mliyojia bila kujadiliana.

Kila mmoja awe na kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, ufito mrefu wa kudungia theluji, na beleshi, na mfanye mazoezi navyo kabla ya safari. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi na tano, aghalabu huwa hai. Baada ya nusu saa matumaini huwa madogo sana. Waokoaji kutoka chini hawawezi kuwahi muda huo, kwa hiyo waokoaji wako ni hao watatu, na ikiwa mmoja wao hataki kujifunza, asiende. Mpite mteremko wenye shaka mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama.

Kuhusu upepo wa siku yenyewe, usidanganywe na urefu wa mlima. Mita 1,917 si hata nusu ya Mlima Kenya, lakini tarehe 12 Aprili 1934 kilele hicho kilipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa, na rekodi hiyo haikuvunjwa hadi mwaka 1996, katika tufani iliyopita kisiwa cha Barrow, Australia. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake ya kukusukuma huwa mara nne. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 60 kwa saa huhisiwa mwilini kama nyuzi 36 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kituo cha hali ya hewa kilichoko kileleni hutoa utabiri wa vilele peke yake. Usitumie ule wa mjini. Upepo ukizidi kilomita 60 kwa saa, ahirisheni. Nguo za pamba ziache nyumbani, kwa kuwa zikilowa hazikauki, na vaa sufu.

Ondokeni Pinkham Notch, njia inapoanzia, saa kumi na moja alfajiri, na saa saba mchana mgeuke popote mtakapokuwa, hata kama kilele kinaonekana. Saa hiyo iandikeni sasa, mngali mmekaa mezani. Nitumie karatasi yenye njia mtakayofuata na ile ya pili mliyoiweka akiba, majina ya wenzako, na mahali mtakapoegesha gari. Mama yako ameomba saa ziandikwe kwa majira yetu: saa saba mchana ya kwenu ni saa tatu usiku hapa Lamu, na mkifika garini saa kumi na moja jioni, kwetu itakuwa saa saba usiku. Tutakuwa macho. Ukifika garini, kabla ya kuvua viatu, tuma ujumbe.

Wasalaam,
Baba yako