Damu kurudi haitoshi

Dada, umeuliza kama damu ikirudi vizuri kwenye bomba la sindano basi katheta, yaani mrija laini unaopitishwa ndani ya vena kubwa hadi karibu na moyo, iko mahali pake. Hapana. Hiyo inakuonyesha tu kwamba umo ndani ya mshipa. Ni upi, bado hujui. Katheta iliyopitishwa chini ya mtulinga huweza kupinda na kupanda shingoni badala ya kushuka kuelekea moyoni, na damu ikaendelea kurudi. Eksirei ya kifua ndiyo hulionyesha hilo, pamoja na pafu lililotobolewa.

Ninachokiogopa zaidi ni kuingia kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, badala ya vena, mshipa unaoirudisha. Mgonjwa mahututi mwenye presha ya chini na oksijeni kidogo, damu yake ya ateri huweza kuwa nyeusi na isiruke kabisa, kwa hiyo usiamini rangi. Kabla ya kupanua njia ya kupitishia katheta, pima presha ndani ya mshipa au uutazame kwa altrasaundi waya unaoiongoza katheta. Na katheta nene ikishaingia kwenye ateri ya shingo, nakuomba usiichomoe ukabana kwa mkono! Iache hapo hapo, mwite daktari wa upasuaji wa mishipa. Kuichomoa huweza kuleta uvimbe wa damu unaobana njia ya hewa, au kiharusi.