PSA ya mzee imepanda akiwa na mpira wa mkojo

Ndugu uliyeuliza kutoka Wete, Pemba, kama PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ya 14 kwa baba wa miaka 70, aliyepimwa huku amewekewa mpira, ndiyo saratani tayari: si lazima. Mzee wangu wa Mkoani alipita njia hiyohiyo.

PSA ni protini ya tezi dume yenyewe. Saratani huipandisha, lakini hata tezi iliyotanuka kwa umri, maambukizi ya mkojo au mpira huipandisha. Mzee alikunywa dawa ya mafua ya dukani, ile ya kuzibua pua, mkojo ukafunga usiku huohuo. Tumbo chini ya kitovu lilikuwa gumu kama dafu. Damu ikachukuliwa mpira umo ndani, na majibu yalipotoka dada zangu wakaanza kulia.

Daktari alitibu maambukizi kwanza, tukasubiri wiki kadhaa, kipimo kikarudiwa. Kilishuka sana. Akampima na kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kipimo wanachokikimbia wazee wetu ingawa hakimalizi hata dakika moja: tezi kubwa, laini, haina kinundu. Msikiruke, maana saratani yaweza kuwepo na PSA ikawa ya kawaida. Kinachothibitisha ni kinyama kinachotolewa kwenye tezi kikaangaliwa kwa hadubini.

Alianzishiwa dawa ya tamsulosin, inayolegeza njia ya mkojo ndani ya siku chache. Ainuke kitandani polepole, huleta kizunguzungu. Mpira ukatolewa, akakojoa mwenyewe, alhamdulillah. Dawa nyingine, finasteride, hupunguza tezi yenyewe, ila ipeni miezi 6 ifanye kazi. Nayo hushusha PSA karibu nusu, kwa hiyo kila daktari mpya aambiwe anaitumia, asije akadanganyika na namba ndogo.

Dawa zikishindwa, tezi hukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Baada ya hapo manii mara nyingi hurudi kibofuni; aelezwe kabla, na mkewe pia. Ikiwa ni saratani, ile inayokua taratibu huweza kufuatiliwa tu. Nyingine hutibiwa kwa upasuaji, dawa za homoni au mionzi, na kwa mionzi wengi wetu huvuka hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Na kama anaacha kwenda msikitini kwa sababu ya matone ya mkojo, mwambie mwenye udhuru huo hujisafisha, akajifunga, akatia udhu wakati wa sala ukishaingia, akasali. Wangu alificha maradhi muda mrefu kwa hilo tu.

Mpira wake umetolewa au bado?